Kromosomu Y haimfanyi Mswahili kuwa Mwajemi

"Babu zetu walitoka Shiraz, basi Waswahili ni Waajemi." Hesabu hiyo haikai sawa. Kromosomu Y, sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Y inamfuata mmoja.

Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa 2023 ulikuta kwenye mifupa ya Mtwapa na Manda, pwani ya Kenya, Y nyingi za asili ya Kusini-magharibi mwa Asia, hasa za kundi la ukoo liitwalo J. DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama, ilikuwa karibu yote kundi L, la Kiafrika. Simulizi za Washirazi hazikuwa porojo, ila ziliwasahau akina mama.

Tahadhari: J peke yake haitofautishi Mwajemi na Mwarabu. Asili ya Kiajemi ilitambulika kwa kulinganisha jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu.