Mwendesha mashtaka akizidisha nguvu, presha ya wananchi ielekezwe wapi

Watu wengi wanadhani mwenye nguvu kuliko wote kwenye kesi ya jinai ni hakimu, kwa sababu ndo anakaa juu na ndo anasoma hukumu, lakini ukikaa na hizi kesi muda mrefu unagundua maamuzi mazito yameshafanyika kabla hakimu hajaliona hata faili. Nani ashtakiwe, kwa kosa gani, makosa mangapi, yenye dhamana au yasiyo na dhamana, na kama atapewa nafasi ya kukiri apunguziwe, yote hayo yako mkononi kwa mwendesha mashtaka. Ndo maana sisi tunaofanya kazi ya elimu ya sheria kwa umma tukiulizwa wananchi wafanye nini pale mwendesha mashtaka anapovuka mpaka, jibu letu linaanzia kwenye hati ya mashtaka. Hukumu mara nyingi ni mwisho wa safari, na presha ikisubiri mpaka hapo inakuwa imechelewa.

Kesi ambayo naitumia sana kufundishia hili ni ya Aaron Swartz wa Marekani. Huyu alikuwa kijana mwenye kipaji cha ajabu cha kompyuta, akiwa na miaka 14 tu alishiriki kutengeneza RSS, ule mfumo wa kusambaza habari za tovuti, baadaye akawa mmoja wa watu wa mwanzo wa Reddit, ule mtandao wa mijadala. Kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 akaunganisha laptopu kwenye mtandao wa chuo cha MIT akapakua mamilioni ya makala za kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR. Akakamatwa Januari 2011. JSTOR wenyewe wakamalizana nae, akarudisha data, na wakasema hawana haja ya kuendelea na kesi. Sasa hapo ungetegemea jambo liishe au liwe kosa dogo, ila ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho pale Massachusetts, ikiongozwa na Carmen Ortiz, ikafungua mashtaka Julai 2011 na ikatoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba anaweza kufungwa mpaka miaka 35 na faini ya dola milioni moja, na Ortiz akasema wizi ni wizi tu utumie kompyuta au mtaimbo. Mwanzo yalikuwa makosa 4, Septemba 2012 yakaongezwa yakawa 13, kwa tukio lile lile!

Halafu pembeni kuna dili: ukikiri makosa yote utafungwa miezi michache tu. Hapa naomba msomaji atulie kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Kama mwendesha mashtaka mwenyewe anaona kosa hili linatosha miezi sita, ile miaka 35 ilikuwa inafanya kazi gani? Ilikuwa inamtisha mtu asithubutu kwenda kujitetea mbele ya mahakama. Na huu siyo utaratibu wa kesi moja, Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe 2012 ilisema asilimia 97 ya hatia kwenye mahakama za shirikisho zinatokana na watu kukiri, yani kesi zinazosikilizwa kweli kweli na ushahidi ukapimwa ni chache mno. Swartz alikataa kukiri. Tarehe 11 Januari 2013 alijiua nyumbani kwake Brooklyn, akiwa na miaka 26, kesi ikiwa bado haijasikilizwa.

Wananchi walikasirika. Siku moja baada ya kifo ikafunguliwa petisheni kwenye tovuti ya White House ya kutaka Ortiz aondolewe, na ndani ya siku chache ikavuka sahihi 25,000 zilizotakiwa ili serikali ijibu, mwisho wa siku zikafika zaidi ya 60,000. Jibu lilikuja lini? Januari 2015, miaka miwili baadae, na lilisema hawazungumzii masuala ya watumishi kupitia petisheni. Waziri wa sheria Eric Holder alipoulizwa na maseneta Machi 2013 alisema waendesha mashtaka wake walitumia vizuri mamlaka yao. Muswada uliopewa jina la Aaron wa kurekebisha sheria ya makosa ya kompyuta ya 1986, iliyotumika kumshtaki, ukaletwa Bungeni mwaka huo huo na haukupita. Ortiz alibaki kwenye kiti mpaka Januari 2017.

Kwa hiyo presha haikusaidia kitu? Mi sikubali. Ile hasira ilifanya watu wa kawaida wajue kwamba kuna sheria pana mno inayompa mwendesha mashtaka uwezo wa kumgeuza karibu mtu yeyote kuwa mhalifu wa kompyuta, na mjadala ule haukuisha. Mwaka 2021, kwenye kesi nyingine kabisa iliyomhusu polisi wa Georgia, Mahakama ya Juu iliibana sheria hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 3, na Mei 2022 Wizara ya Sheria ikatoa mwongozo kwa waendesha mashtaka wake wasiwashtaki watafiti wa usalama wa mitandao wanaofanya kazi kwa nia njema. Siwezi kusema petisheni ndo ilileta hayo, lakini naona wazi kwamba waliobaki wanaisema sheria walifika mbali kuliko waliobaki wanamsema mtu.

Na kuna jambo la aibu lazima lisemwe. Baada ya kifo cha Swartz baadhi ya watu walituma vitisho na matusi kwa waendesha mashtaka. Familia na mawakili walipoomba nyaraka za kesi ziwekwe hadharani, ofisi ya mashtaka ikatumia vitisho hivyo hivyo kama hoja, na Mei 2013 jaji akaamua zitolewe ila majina ya watu yafutwe. Yani waliotukana walisaidia kuficha majina ambayo umma ulitaka kuyajua. Mtu anaposambaza namba ya simu ya mke wa mwendesha mashtaka au picha ya mtoto wake akidhani anatetea haki, anampa huyo mwendesha mashtaka sababu ya kufunga mlango.

Ugumu mwingine wa Marekani ni kwamba mwendesha mashtaka huwezi kumshtaki akulipe fidia kwa kazi aliyofanya mahakamani, kinga hiyo iliwekwa na Mahakama ya Juu tangu 1976, hata kama alificha ushahidi kwa makusudi. Lakini Texas wananchi walipata pa kushika. Michael Morton alifungwa 1987 kwa kumuua mke wake, akakaa ndani karibu miaka 25, DNA ikaonyesha muuaji ni mtu mwingine akaachiwa Oktoba 2011. Ikagundulika kwamba upande wa mashtaka ulikuwa na maelezo kwamba mtoto wao mdogo aliona tukio na akasema baba hakuwepo, na utetezi haukupewa. Mwendesha mashtaka wa wakati ule, Ken Anderson, alikuwa ameshapanda kuwa jaji. Mwaka 2013 alihukumiwa siku 10 jela na akarudisha leseni ya uwakili, siku 10 kwa miaka 25 ya mtu, unaweza kulia, ila hata hiyo ni nadra sana. Na aliyemrithi ofisini, John Bradley, ambaye kwa miaka alipinga kile kipimo cha DNA, wapiga kura wa kaunti yake walimtoa kwenye kura za mchujo za 2012. Mwaka uliofuata Texas ikapitisha sheria yenye jina la Morton inayolazimisha mashtaka kufungua faili lao kwa utetezi.

Sasa turudi nyumbani, maana utaratibu wa kumbana mtu mpaka akiri sisi pia tunaujua. Tanzania kosa la utakatishaji fedha halina dhamana, na wote tunakumbuka miaka ile ambapo kesi ya kodi au ya kibiashara ikiongezewa kipengele cha utakatishaji tu, mtu anaenda mahabusu na upelelezi haujakamilika mpaka anachoka. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, mama yake akafariki Desemba hiyo wakati yeye Kabendera yuko mahabusu, na akanyimwa ruhusa ya kwenda kumuaga, akatoka Februari 2020 baada ya kukiri na kutakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270. Septemba 2019 sheria ya makubaliano ya kukiri kosa ilipitishwa, na mwezi huo huo DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) wa wakati huo, Biswalo Mganga, alitangaza kwamba watuhumiwa 467 wako tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Wapo walioiba kweli, sina shaka. Ila mtu anayekiri akiwa hana njia ya dhamana na hajui kesi itaanza lini, kukiri kwake hakutuambii sana kama alitenda.

Hapa pia mlango uliofunguka ulikuwa wa sheria. Zamani DPP alikuwa na uwezo wa kuandika hati tu na dhamana ikazuiwa, wakili Jeremia Mtobesya akaenda Mahakama Kuu akashinda 2015, serikali ikakata rufaa na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Mtobesya 2018. Kipengele cha makosa yasiyo na dhamana nacho kilipigwa na Mahakama Kuu Mei 2020, ila Rufani wakakirudisha Agosti mwaka huo. Malalamiko ya wananchi hayakukoma, na Januari 2023 ikazinduliwa tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapita kusikiliza watu na kukabidhi ripoti Julai 2023.

Kwa hiyo unapotaka kupaza sauti, Katiba yetu ibara ya 59B inasema DPP haingiliwi na mtu yeyote, na hilo ni zuri, maana hata umati unaweza kumpotosha mwendesha mashtaka. Mike Nifong wa North Carolina 2006, akiwa kwenye kampeni, aliwashtaki vijana watatu wa chuo cha Duke kwa ubakaji ambao baadae ilithibitika haukutokea, na 2007 akanyang'anywa uwakili. Lakini ibara hiyo hiyo inamtaka DPP azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Hayo matatu ndo ya kumuulizia. Usiandike tu “mwachieni fulani”, andika: shtaka hili limetokana na kitendo gani, kwa nini limeongezwa baada ya miezi kadhaa, upelelezi umefikia wapi, kwa nini limechaguliwa kosa lisilo na dhamana wakati kuna lenye dhamana. Hati ya mashtaka inasomwa mahakamani hadharani, nenda kasikilize, andika tarehe na kila sababu inayotolewa kesi ikiahirishwa, peleka kwa mbunge, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa chama cha mawakili.

Wenzetu Kenya wana kitu cha ziada ambacho wengi hawakitumii. Ibara ya 158 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi kwa Tume ya Utumishi wa Umma la kumwondoa Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa sababu zilizotajwa kama utovu wa nidhamu au kushindwa kazi, na tume ikiona lina msingi inalipeleka kwa Rais, ambaye ana siku 14 za kumsimamisha na kuunda jopo la uchunguzi. Wanahitaji ushahidi tu, hawahesabu sahihi. Na Juni 2025, mtengenezaji programu mmoja aliyeshtakiwa Nairobi kwa sheria ya makosa ya kompyuta, kisa alitengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe kupinga Muswada wa Fedha, alifutiwa kesi na hakimu ndani ya wiki tatu. Watu walijaa mahakamani na mitandaoni, lakini mawakili wake walisimama na hoja moja tu, kwamba hati ya mashtaka haionyeshi kosa lolote, na hakimu alikubaliana nayo.