Mali ya marehemu haiguswi kabla ya hati ya mahakama

Malalamiko kuhusu ploti zilizouzwa na jamaa kabla mahakama haijasema lolote yamezidi kwenye masjala ya mirathi, na mengi yanafanana. Mzee amezikwa, matanga yameanuliwa, mnunuzi amejitokeza na pesa taslimu, kifungua mimba ametia sahihi.

Mtu akifariki, mali yake haihamii papo hapo kwa mtoto mkubwa, kwa mjane wala kwa ndugu zake. Hubaki kuwa mali ya marehemu, na ndivyo karatasi zote za mahakama zitakavyoiandika hadi igawanywe. Wa kuishughulikia ni msimamizi aliyepewa hati na mahakama. Hata wasii, yaani aliyetajwa kwenye wasia kuwa mtekelezaji wake, huja kuomba hati ya kuuthibitisha wasia huo.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, imekuwa ikitumika tangu 1981. Kifungu cha 45 kinasema anayechukua mali ya marehemu, kuiuza au kuiingilia kwa njia yoyote bila idhini ya sheria ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi husikia faini hiyo wakaona ni ya kulipika. Basi wasome kifungu chenyewe mpaka mwisho: utawajibika kwa msimamizi halali kwa kiasi cha mali uliyoingilia, baada ya kuondoa malipo yaliyofanywa inavyostahili. Ukitoa 200,000 kwenye akaunti ya baba na 60,000 zikaenda kwa mazishi ya kadiri, weka risiti za hizo 60,000. Zilizobaki utaulizwa.

Kujua namba ya siri ya simu ya marehemu si idhini ya kuzitoa pesa zake za M-Pesa.

Barua ya chifu nayo si idhini. Tunalirudia hili kila wiki na bado watu huipeleka benki wakitarajia kulipwa. Kazi yake ni kuijulisha mahakama ni nani waliobaki nyuma ya marehemu. Ndiyo maana kuwaficha mke wa pili na watoto wake ni jambo zito: hati iliyopatikana kwa kuficha ukweli hufutwa hata baada ya miaka, na aliyetoa maelezo ya uongo kwa makusudi anaweza kushtakiwa.

Utaratibu ni huu. Kifo kiandikishwe, hospitalini au kwa naibu wa chifu ikiwa kimetokea nyumbani, kisha mchukue cheti cha kifo. Mpate barua ya chifu. Wenye haki ya kuomba hati iliyo sawa au kubwa kuliko ya mwombaji watie sahihi ya kukubali. Ombi lipelekwe mahakamani: hakimu mkuu husikiliza mirathi ya hadi milioni 20, inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, na Waislamu wana Mahakama ya Kadhi. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Pakiwa na watoto wadogo na hakuna wasia, wasimamizi wasipungue wawili.

Hati ikitoka, bado hamjaruhusiwa kugawana. Mnasubiri miezi 6, ndipo msimamizi aiombe mahakama iithibitishe pamoja na orodha ya warithi na mafungu yao. Kabla ya hapo msimamizi mwenyewe hana mamlaka ya kuuza ardhi. Anayenunua shamba kwa ahadi kwamba "hati inakuja" ananunua kesi.

Na binti aliyeolewa? Sheria hii inasema mtoto. Haiulizi kama ni wa kiume au wa kike, wala kama ameolewa. Wazee wanaomwambia aende akarithi kwa mumewe hawana kifungu cha kumwonyesha.

Ukigundua ardhi ya marehemu inauzwa sasa hivi, usingoje kikao cha familia. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi uombe kizuizi kiwekwe, ukiwa na nambari ya hatimiliki, nakala ya cheti cha kifo na kiapo kinachoeleza haki yako. Kama hakuna aliyefungua mirathi, uliza masjala jinsi ya kuwaita mahakamani wenye haki ya kwanza, waombe hati au wakuachie uombe wewe.