Kitabu cha msanii kinachotungwa kwa kanuni na nasibu

Kitabu cha msanii ni kazi ya sanaa iliyoumbwa kama kitabu. Karatasi, mkunjo na uzi vina uzito sawa na maneno au picha. Wapo wasanii wasiochagua kila kitu wenyewe. Huandika kanuni kwanza, kisha huachia dadu, sarafu au kura iamue yale ambayo kanuni imeyaacha wazi.

Mfano maarufu ni kitabu cha Mfaransa Raymond Queneau cha mwaka 1961, Cent mille milliards de poèmes. Kina soneti 10, yaani mashairi ya mistari 14, na kila mstari umekatwa ukawa ukanda unaofunuliwa peke yake. Ukichanganya mikanda utapata mashairi trilioni 100. Anayejua kutunga kwa vina ataona kazi ilipo: soneti zote 10 zinatumia vina vilevile, na sarufi ya kila mstari inakubali kupokewa na mstari wa soneti nyingine. Bila kanuni hiyo, nasibu ingezaa fujo tu.

Kwa kuanzia, kurasa 16 zinatosha: karatasi 4 za A4, zikunjwe katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Kabla ya kurusha dadu, andika nasibu itaamua nini, kwa kifaa gani, na namba ikijirudia ufanye nini. Tuseme dadu moja inachagua rangi kati ya 6, nyingine inachagua chumba kati ya 6 ulivyogawa ukurasa. Usijumlishe dadu mbili ukidhani matokeo yatalingana: 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, 2 na 12 kwa njia 1 tu kila moja, na kitabu kitajaa kile ulichokipa namba 7.

Wengi hukwama kwenye mpangilio wa kurasa. Katika kurasa 16 zilizopachikwa hivi, ukurasa wa 1 umo upande uleule wa karatasi pamoja na wa 16, na wa 2 pamoja na wa 15. Jumla ni 17 daima. Kwa hiyo huwezi kuchanganya ukurasa mmojammoja baada ya kuchora. Unachoweza kuchanganya ni karatasi nzima: mipangilio 24, au 384 ukiruhusu kila moja kugeuzwa ndani nje. Ukitaka uhuru zaidi, usishone. Mwingereza B. S. Johnson alitoa riwaya mwaka 1969 yenye sehemu 27 zilizolegea sandukuni, ya kwanza na ya mwisho pekee zikiwa na nafasi maalumu.

Ukishona, toboa matundu 3 kwenye mkunjo na kata uzi wa sentimita 53 hivi, mara mbili na nusu ya urefu wa mgongo. Anzia ndani katikati, tokea nje, ingilia tundu la juu, ruka katikati, tokea la chini, rudi ndani kwa tundu la katikati. Sindano ikichoma uzi uliopo hapo, mshono haukaziki. Karatasi nyingi za A4 za ofisini zina nyuzinyuzi zilizolala kwa urefu wa karatasi, hivyo mkunjo huu unazikatiza na kuvimba. Kabla ya kukunja, pitisha kwanza ncha butu kando ya rula pale pa mkunjo.

Usirushe tena kwa kuwa rangi haikukupendeza, maana hapo umeshaanza kuchagua mwenyewe. Matokeo yakichosha kila mara, badili kanuni, kisha anza upya tangu ukurasa wa 1.