Mbwa Mzee Bandani: Ninavyomsoma Kabla Hujamchukua

Haipiti wiki bila mteja kunipigia simu akiwa amesimama mbele ya banda: "Daktari, huyu nimempenda, lakini wanasema ana miaka minane. Si nitamzika mwakani?" Iwe ni kwenye mabanda ya KSPCA, shirika la kutetea wanyama linalohifadhi mbwa wasio na wenyewe, pale Barabara ya Lang'ata, Nairobi, au kwenye kituo kidogo cha mtu binafsi, swali ni lile lile, na mimi hulijibu kwa swali: ana kilo ngapi?

Mbwa mdogo wa kilo 8 akitimiza miaka minane ndiyo kwanza anaonja utu uzima. Great Dane, yule mbwa wa Kizungu mkubwa kupindukia, wa umri huo ni babu tayari. Mbwa wetu wa kienyeji yuko katikati, na kama amelishwa na kuchanjwa, ana miaka yake kadhaa mbele. Ile hesabu ya kuzidisha kwa saba isahau. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha alama za kemikali kwenye DNA ya mbwa 104 wa aina ya Labrador na za binadamu, wakaona kwamba mbwa huzeeka mbio akiwa mdogo kisha hupunguza mwendo: wa mwaka mmoja hulingana na mtu wa miaka 31 hivi, wa miaka 7 na mtu wa 62, wa miaka 12 na mtu wa 71. Ni Labrador tu, lakini unapata picha.

Kwa nini basi nawasukuma watu kwa mbwa mzima? Kwa sababu anasomeka. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu. Hujui atakua kiasi gani wala atawafanya nini kuku wa jirani. Huyu mzee ameshakuwa alivyo.

Mimi huanza bila kumgusa. Namwacha alale, kisha namwita na kutazama anavyoinuka. Akitanguliza miguu ya mbele na kuikokota ya nyuma, nyonga au magoti yanamuuma. Kucha za nyuma zikiwa zimelika kwa juu, huyo anaburuza miguu. Manyoya yaliyogeuka rangi ya kutu juu ya kiungo kimoja cha mguu wa mbele mara nyingi yanatokana na kulamba pahali panapouma. Hakuna hata moja kati ya hayo linalonifanya niseme usimchukue. Nakwambia tu uweke zulia au mkeka juu ya zile taili zako zinazoteleza, na usimpe kamwe panadol wala ibuprofen uliyo nayo kwenye droo. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na ni tofauti.

Macho ndiyo yaliyowahi kuniaibisha. Nikiwa bado mgeni kazini, niliona macho yenye ukungu wa buluu nikaiambia familia moja kwamba mbwa anapofuka. Wakamrudisha bandani. Alikuwa anaona vizuri kabisa. Kiini cha lenzi hukakamaa mbwa akipita miaka sita au saba na kuonekana hivyo, bila kumsumbua sana. Siku hizi namulika tochi kwenye chumba chenye giza: mwanga ukipenya na kurudi kutoka nyuma ya jicho, ni uzee tu. Ukigonga weupe na kuishia hapo, huo ni mtoto wa jicho.

Meno usiyatumie kuhesabu miaka. Mbwa aliyefungwa mnyororo na kuutafuna atakuwa na meno ya kizee akiwa na miaka mitatu. Angalia ukoga na harufu, maana kusafisha meno kunahitaji dawa ya usingizi na huenda ndiyo gharama yako kubwa ya mwaka wa kwanza.

Sasa jambo linalowafanya wengi wakimbie bure: matone ya damu sehemu za siri. Kwa mbwa aliyewahi kuzurura mitaani, dume au jike, jambo la kwanza ninaloshuku ni uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana. Unatisha kuutazama, kama koliflawa inayovuja damu. Ni saratani, naam, lakini ni kati ya chache ninazozitibu nikiwa na matumaini: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na wengi hupona kabisa. Ninachokiogopa zaidi ni jike mzee ambaye hajafungwa kizazi, anayekunywa maji kupita kiasi na kukataa chakula wiki chache baada ya kuwa kwenye joto. Huyo huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha, na hapo hatungoji kesho.

Kupe nao huambukiza magonjwa ya damu. Fizi zilizopauka au damu puani hunifanya niombe kipimo cha damu siku hiyo hiyo. Na kama hana kadi, chanjo ya kichaa cha mbwa anapigwa upya, kurudia hakumdhuru.

Nyumbani, siku tatu za kwanza mwache alale. Usiwaite majirani waje kumwona. Chakula alichozoea bandani, hata kama ni ugali na matumbo, mbadilishie polepole kwa wiki nzima. Wateja hulalamika kwamba "hata habweki". Ngoja ajue kwanza geti ni la nani. Wengine huchukua miezi mitatu.

Kisha mlete kliniki wiki hiyo ya kwanza, pamoja na mkojo wake wa asubuhi kabla hajanywa maji, kwenye kichupa safi. Figo za mzee huanza kuchoka kimyakimya, na mkojo mwepesi kama maji hunishtua mapema kuliko vipimo vingi vya damu. Kuukinga si kazi ngumu: funga upawa kwenye mpini wa ufagio, mfuate nyuma taratibu, usubiri. Upawa huo usirudi jikoni.