Mbegu namba mbili si lazima awe namba mbili duniani

Nimesikia tena. Mtangazaji wa tenisi anatazama tarakimu ndogo iliyo kando ya jina la mchezaji kwenye skrini, anaona 2, anapaza sauti: namba mbili duniani yuko taabani! Namba mbili duniani wala hakuwa uwanjani siku hiyo. Aliyekuwa taabani ni mbegu namba mbili wa mashindano, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mbegu ni mchezaji ambaye waandaaji wamemtambua, kabla ya droo, kuwa miongoni mwa walio bora kati ya watakaoshiriki, wakamweka mahali ambapo hatakutana mapema na bora wenzake. Wengine husema sidi. Mimi nasema mbegu, kwa sababu picha iliyomo ndani ya neno ndiyo inayoeleza kila kitu.

Neno limetoka kwenye Kiingereza, seed, na ni istilahi ya tangu karne ya 19. Picha yake ni ya mtu anayepanda shamba. Harundiki mbegu zote kwenye shimo moja, maana zikiota pamoja zitasongana na kuuana. Anazitawanya. Majina ya wachezaji hodari nayo hutawanywa kwenye karatasi ya droo namna hiyo. Ukiachia kura peke yake, wawili walio bora kuliko wote wanaweza kugongana Jumatatu asubuhi, raundi ya kwanza, mmoja akafungasha raketi zake kabla mashindano hayajachangamka.

Kwa hiyo uzito wa neno hili uko kwenye kutawanya, wala si kwenye ukubwa wa mtu. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotutega, mara mbili. Kwanza, kupanda kwetu ni kutia mbegu ardhini na pia ni kwenda juu. Mtu akisikia kwamba fulani "amepandwa wa tatu", sikio linapokea "amepanda hadi wa tatu", na hapo hapo anawaza ngazi ya dunia. Pili, mbegu kwetu ni kitu ambacho hakijaota bado. Nimewahi kuelezwa, na mtu anayefuatilia michezo vizuri tu, kwamba mbegu ni mchezaji chipukizi mwenye kipaji. Naelewa alivyofika huko, lakini sivyo. Mbegu namba moja anaweza kuwa na miaka 35 na mataji kabatini. Umri haumo kabisa katika hesabu hii.

Tazama karatasi yenyewe. Mashindano ya Grand Slam, yaani yale manne makubwa kuliko yote ya tenisi, kwa wanaume, mchezaji mmoja mmoja, yana washiriki 128 na raundi saba. Karatasi ina mistari 128. Mbegu namba 1 anaandikwa mstari wa kwanza juu kabisa, mbegu namba 2 mstari wa mwisho chini kabisa, kwa hiyo hawawezi kuonana kabla ya fainali. Namba 3 na 4 hupigiwa kura: mmoja anakwenda nusu ya juu, mwingine nusu ya chini. Hapa pia huwa nasikia kosa, eti namba 1 lazima apangiwe namba 4 kwenye nusu fainali. Hapana, kura ndiyo inayoamua, na anaweza kumpata namba 3. Kutoka namba 5 hadi 8 kura inarudiwa, kila mmoja akiangukia robo yake, na inaendelea hivyo hadi namba 32. Mbegu hawa 32 hawawezi kukutana wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Wengine 96 wanaingia kwa kura mahali popote palipobaki, ndiyo maana mtu asiye mbegu anaweza kuamkia mikononi mwa bingwa mtetezi.

Orodha ya dunia ni jambo jingine. Hiyo ni hesabu ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ya pointi za wiki 52, haijali nani anacheza wiki hii na nani yuko nyumbani na goti lililovimba. Orodha hiyo ya kompyuta ilianza Agosti 1973, na wa kwanza kuiongoza alikuwa Ilie Năstase wa Romania. Wimbledon, Grand Slam ya London inayochezwa kwenye nyasi, ilianza kupanga mbegu kwa ubora wa wachezaji mwaka 1927, na mwaka huo Henri Cochet wa Ufaransa alitwaa ubingwa akiwa mbegu namba 4. Kulikuwa na mbegu, basi, miaka 46 kabla ya kompyuta kumpa mtu yeyote namba ya dunia. Vitu hivi vingekuwaje kimoja?

Ni kweli kwamba siku hizi mbegu hupangwa kwa kufuata orodha ya dunia, na mara nyingi namba zinalingana. Kulingana huko ndiko kunakowapoteza watu. Wimbledon ya 2022, Daniil Medvedev, aliyekuwa wa kwanza duniani, hakucheza kwa sababu wachezaji wa Urusi na Belarus walizuiwa. Alexander Zverev, wa pili, alikuwa majeruhi. Novak Djokovic, wa tatu duniani, akawa mbegu namba 1, na Rafael Nadal, wa nne duniani, akawa mbegu namba 2. Hakuna aliyepanda cheo. Waliokuwa mbele yao hawakuwepo, basi.

Boris Becker naye mwaka 1985 alikuwa wa 20 duniani, na wakati huo mbegu walikuwa 16 tu. Akaingia Wimbledon bila namba yoyote kando ya jina lake, akatoka bingwa akiwa na miaka 17. Mbegu waliongezwa kuwa 32 mwaka 2001, baada ya wachezaji wa viwanja vya udongo kulalamika kwamba Wimbledon inawaruka kwenye upangaji. Mwaka huo huo bingwa akawa Goran Ivanišević, wa 125 duniani, aliyeingia kwa mwaliko wa waandaaji. Hakuwa mbegu hata kidogo.

Na mbegu akijitoa dakika za mwisho, mstari wake huchukuliwa na mshindwa mwenye bahati, yaani mtu aliyepoteza kwenye mechi za kufuzu kisha akaitwa kuziba pengo. Anachukua mstari, hachukui namba. Msimwite mbegu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Wimbledon ya 2019. Kati ya 2002 na 2019, kwa upande wa wanaume, mashindano hayo yalikuwa na kanuni yake: walichukua wachezaji 32 wa juu kwenye orodha ya dunia, kisha wakawapanga upya kwa kuwaongezea uzito wa matokeo yao kwenye nyasi. Nadal alikuwa wa pili duniani na Roger Federer wa tatu. Kanuni ya nyasi ikawabadilisha, Federer akawa mbegu namba 2 na Nadal mbegu namba 3. Kura ikawaweka nusu moja, wakakutana nusu fainali, Federer akashinda kwa seti 3–1.

Ukiitangaza mechi ile kwa kusoma tarakimu za kwenye skrini tu, utasema namba mbili duniani amemtoa namba tatu duniani, na utakuwa umewageuza wote wawili. Ingetosha kusema hivi: "Federer, mbegu namba mbili na wa tatu duniani, amemtoa Nadal, mbegu namba tatu na wa pili duniani." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini inatamkika kwa pumzi moja, nimejaribu.