Kabla ya kuhamia Dodoma kwa ajili ya kifua cha mwenza wako

Masika yanapokaribia, kwenye kliniki yetu ya kifua hapa Dar es Salaam huongezeka ombi la aina moja. Mke au mume anaingia na mgonjwa wake, anaweka daftari la hospitali mezani na kusema: "Daktari, baba watoto anabanwa kila mvua zikianza. Tumeambiwa pwani haimfai, twende Dodoma kwenye hewa kavu. Tuandikie barua ya uhamisho."

Barua hiyo si jambo dogo. Kwa mtumishi wa umma, ugonjwa uliothibitishwa ni sababu inayokubalika ya kuomba uhamisho, na mwenza wake naye huomba kumfuata. Kwa mfanyabiashara ni kufunga duka lililokwisha kupata wateja na kwenda kuanza upya mahali pasipomjua. Watoto wanabadilisha shule. Mama mzee aliyekuwa akilea wajukuu anaachwa. Ndiyo maana hatuiandiki siku ya kwanza, na ndiyo maana nawaeleza kwa kirefu ninyi mnaofikiria hatua hiyo, hasa wewe unayemuuguza mwenzako, kwa sababu mara nyingi ni wewe unayeamka saa nane usiku kumsikiliza akihema.

Wanaosema pwani haiwafai baadhi ya wagonjwa wa pumu wana hoja. Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizovimba kwa ndani na kuwa nyepesi kukasirika. Zikiguswa na kichokozi, misuli inayozizunguka hujikaza, ute huongezeka, na pumzi hutoka kwa shida ikiwa na mlio wa filimbi. Vichokozi viwili vikubwa hupenda unyevu. Cha kwanza ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya magodoro, mito na makochi na kula chembe za ngozi tunazopukutisha. Hawanywi maji kama viumbe wengine. Huyafyonza kutoka kwenye hewa, na unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka na kufa. Asubuhi za masika Dar es Salaam, Tanga au Unguja unyevu hupita asilimia 80. Cha pili ni kuvu, ule weusi unaopanda kwenye pembe za ukuta na nyuma ya kabati.

Dodoma iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100. Hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ilhali Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa mgonjwa ambaye kichokozi chake kikuu ni utitiri au kuvu, tofauti hiyo anaweza kuisikia kifuani.

Imani hii pia si ngeni. Katika karne ya 19 wagonjwa wa mapafu kutoka Ulaya nzima walipanda hadi Davos, mji wa milima ya Uswisi ulioko mita 1,560, wakilazwa kwenye roshani wavute hewa kavu ya baridi. Kwetu, hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kuwapokea wagonjwa wa kifua kikuu. Kilichokuja kuwaponya wagonjwa wa kifua kikuu ni dawa, kuanzia streptomaisini iliyogunduliwa mwaka 1943. Lakini kwa pumu milima ilikuwa na siri yake: kule juu utitiri ni adimu. Watoto wenye mzio wa utitiri waliopelekwa kukaa miezi kadhaa milimani walipata nafuu inayopimika. Waliporudi nyumbani kwenye magodoro yaleyale, nafuu ikaondoka.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Madaktari waliwaelekeza wagonjwa wa pumu na mzio kwenye jangwa la Arizona, na maelfu wakahamia miji kama Tucson. Walipofika walitamani kivuli na kijani walichokizoea, wakapanda miforosadi, mizeituni na nyasi za bustani. Miti hiyo humwaga chavua kwa wingi. Baada ya miongo michache watu wa Tucson walikuwa wanaugua mzio na pumu sawa na walikotoka wahamiaji, kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1980 serikali ya kaunti ikapiga marufuku uuzaji wa miforosadi na mizeituni inayotoa chavua. Wengi wa waliohama walikuwa na mwili unaojenga mzio kwa urahisi, na mwili huo waliondoka nao. Ukikutana na vichokozi vya mahali papya, baada ya mwaka au miaka kadhaa unaweza kuanza kuvikataa navyo.

Dodoma ina vichokozi vyake. Wanaohamia viwanja vipya vya Mtumba, Ihumwa au Nzuguni wanakuta barabara nyingi za udongo na ujenzi usiokoma, na upepo wa miezi ya kiangazi huinua vumbi jekundu hadi ndani ya vyandarua. Usiku wa Juni na Julai ni baridi na mkavu, na hewa ya namna hiyo yenyewe hubana njia za hewa za wagonjwa wengi wa pumu, hasa wanaotembea haraka alfajiri. Nimewaona waliopata nafuu kubwa ya kikohozi cha mvua, kisha wakaanza kubanwa kila Agosti.

Mwinuko nao una maana yake. Kwenye mita 1,100 kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 12 kuliko ufukweni, na Njombe, karibu mita 2,000, upungufu hufika kama asilimia 20. Mwenye pumu ya kawaida hataona shida. Lakini mwenye mapafu yaliyochakaa, anayetumia mtungi wa oksijeni, au mwenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu anaweza kuzidiwa pale tu anapofika. Huyo apimwe oksijeni ya damu na ashauriane na daktari wake kabla ya safari.

Hapo linakuja swali ambalo familia nyingi hulipita: je, ni pumu kweli? Kubanwa ni neno la mgonjwa, na nyuma yake kuna maradhi mengi. Moyo ulioshindwa kusukuma damu humfanya mtu ahangaike akilala chali, aongeze mito, na miguu ijae jioni. Huyo ukimpeleka Dodoma utakuwa umeuhamisha moyo mgonjwa. Aliyetibiwa kifua kikuu zamani anaweza kubaki na mapafu yenye makovu. Aliyechimba madini au kupasua mawe anaweza kuwa na vumbi la silika lililokwisha kuganda ndani ya mapafu. Mama aliyepika kwa kuni tangu utotoni anaweza kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao wengi hudhani ni wa wavuta sigara tu. Wapo pia wanaokohoa kwa sababu ya vidonge vya presha kama kaptopril au enalapril, na propranololi yaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Dawa ya presha ikibadilishwa na daktari, tatizo linaweza kwisha bila kufunga hata begi moja.

Kwa hiyo kwanza ni vipimo: picha ya kifua, makohozi inapohitajika, moyo, na kipimo cha kupuliza kabla na baada ya dawa ya kufungua njia za hewa. Kama hospitali yenu haina mashine kubwa, kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachopima kasi ya pumzi. Apulize asubuhi na jioni kwa wiki mbili, nawe uandike namba kwenye daftari. Kando ya namba andika mlichofanya siku hiyo: mvua, kufagia, kupaka rangi, kuchoma udi, siku ya kazi au ya mapumziko. Daftari la namna hii lililoandikwa na mwenza limewahi kunisaidia kuliko vipimo vya gharama. Fundi seremala anayepata nafuu kila likizo anabanwa na vumbi la mbao. Mkulima wa Newala anayezidiwa miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho hana ugomvi na unyevu wa Mtwara.

Sasa niseme kile ninachokiamini zaidi. Unyevu unaomuumiza mwenza wako ni wa chumba anacholala, na chumba hicho mnaweza kukibadilisha kabla hamjabadilisha mkoa. Ushahidi ni mzuri kwamba kuondoa unyevu na kuvu ndani ya nyumba hupunguza dalili za pumu. Zibeni bati linalovuja na bomba linalochuruzika ndani ya ukuta. Sogezeni kabati na kitanda mbali na ukuta unaotoka jasho. Kuvu ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ukuta ukauke kabisa ndipo upakwe rangi, na anayefanya kazi hiyo asiwe mgonjwa. Dirisha lifunguliwe mchana, nguo mbichi zisianikwe chumbani. Godoro la sponji la miaka kumi mlitoe, au angalau mlivishe kifuniko kisichopitisha vumbi na kulianika juani mara kwa mara. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana. Kifuniko cha godoro peke yake hakitoshi. Ni mambo haya yakienda pamoja ndipo mtu huona tofauti.

Kisha moshi. Nazungumza na watu wa pwani kwa heshima ya mila zetu: chetezo cha udi na ubani chumbani usiku ni mzigo mkubwa kwa mwenye pumu, na dawa ya mbu ya kuchoma ni hivyo hivyo. Chandarua kinatosha. Jiko la mkaa litoke nje au libadilishwe. Serikali imeweka mkakati wa kitaifa ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, lakini kwenu mwenye pumu hawezi kusubiri mwaka huo. Na mnaohamia mikoa ya baridi, msiingize jiko la mkaa ndani kupasha chumba joto. Mbali na kubana kifua, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

La mwisho kabla ya barua ni dawa, na hapa ndipo wengi wanaotaka kuhama huwa hawajajaribu kikweli. Bado nasikia kwamba inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, ni dawa ya mwisho, ukianza huiachi. Si kweli. Inhela hupeleka kiasi kidogo cha dawa pale pale inapohitajika, ilhali vidonge huzunguka mwili mzima. Ile ya kutuliza, salbutamoli, ambayo mara nyingi ni ya bluu, hufungua njia kwa saa chache na haigusi uvimbe. Inayotuliza uvimbe ni yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, na hutumiwa kama daktari alivyopanga hata siku ambazo kifua ni chepesi, kisha mtu anasukutua mdomo. Akihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamshwa usiku na kifua, pumu yake haijadhibitiwa. Mwombe avute dawa mbele ya muuguzi. Wagonjwa wengi hupuliza nusu ya dawa mdomoni, na chupa safi ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili inhela ikae sawasawa, naye avute kupitia mdomo wa chupa, hurekebisha kosa hilo bila gharama.

Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au ya bluu isipomshikilia hata kwa muda wa saa nne, huo si wakati wa kusubiri asubuhi. Mpe mibonyezo 4 hadi 10 ya salbutamoli kupitia chupa hiyo, mmoja mmoja, mkirudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza, huku mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kama chumba kimekauka, moshi umetoka, dawa inatumiwa sawasawa kwa miezi mitatu na bado masika yanamlaza, hapo nakubali kuzungumzia kuhama. Hata hivyo aende kwanza kukaa kwa ndugu, mara moja wakati wa mvua na mara moja Agosti au Septemba, wakati vumbi ni kali, akiwa na daftari na kifaa chake cha kupuliza. Wiki moja ya Pasaka haionyeshi kitu. Mkiridhika, ombeni muhtasari wa matibabu, chukueni dawa za kutosha miezi miwili, na mjue mapema mtafuatiliwa wapi. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Tafuteni nyumba isiyo kando ya barabara ya vumbi. Godoro la zamani lisipande lori.

Na mkishafika, inhela ya steroidi isiachwe kwa sababu ya wiki mbili nzuri. Pumu ikitulia miezi mitatu mfululizo, daktari wa huko ndiye atakayeanza kupunguza kipimo cha dawa, hatua kwa hatua, na daftari la namba liendelee kujazwa hadi mpitishe kiangazi kizima.