Je, wajua kwa nini tovuti moja inaweza kukupa bei mbili za korosho?

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, watu wa Newala, Tandahimba mpaka Ruangwa wanashinda kwenye simu wakisaka bei ya mnada. Unafungua tovuti, ukurasa wa mbele una bei hii, ukiingia kwenye habari unakuta nyingine. Wengi wanasema aliyeweka kapitiwa tu. Mara nyingi sio yeye, shida ilianza siku tovuti inapangwa.

Watu wanaichukulia tovuti kama rundo la kurasa, na programu za kuendeshea tovuti kama WordPress au Drupal wanaziona sehemu ya kuziandikia, basi. Ukiamini hivyo, mnada wa leo utauandikia aya nzima, halafu bei unaikopi ukurasa wa mbele, halafu tena kwenye jedwali la msimu, yaani bei moja iko mahali patatu na kompyuta haijui hata kama ile ni bei, inaona maandishi tu. Ikirekebishwa sehemu moja, kwingine inabaki ya zamani.

Ila ndani ya mfumo hakuna kurasa zilizolala zikisubiri, kuna databesi, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwenye majedwali. Na kwenye WordPress kuna jambo la kushangaza kweli: habari, kurasa, taarifa za picha, hadi vipengele vya menyu, vyote vinakaa jedwali moja, wp_posts, vinatofautishwa na neno dogo kwenye safu ya post_type. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 imekuwa rahisi kuongeza aina yako mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuwa na aina inaitwa "mnada".

Iwe kama stakabadhi ya ghalani. Mkulima haandiki barua kuelezea korosho zake, zinapimwa, karatasi inajazwa jina, kilo, daraja, ndo maana kilo zote za daraja la kwanza zinajumlishwa bila kufungua gunia hata moja. Mnada nao uwe na tarehe, ghala, daraja, kilo, bei ya juu, bei ya chini, kila kimoja na nafasi yake. Bei inaingizwa mara moja, kurasa zote zinaichukua hapo hapo.

Usizidishe lakini. Ukiweka nafasi thelathini, mtu aliyetoka mnadani na haraka zake atajaza nne tu. Na maelezo ya mkulima kuhusu mikorosho inayopukutisha maua yaache yawe aya, hayo hayajumlishwi. Kabla fundi hajagusa chochote, kaa na anayeingiza bei na anayeitafuta, uliza wanatafuta kwa ghala au kwa tarehe.